Chuma Kibovu cha Kipanga

Kimandolu, Arusha
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa Nasri,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Vipi joto la Maskati, na kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuacha? Mama kila akisikia jina lako anauliza kama unakula chakula cha maana au bado ni mkate na chai. Sisi hapa tu wazima. Mguu wa Mama umepungua kuuma, sokoni anakwenda mwenyewe. Masomo yangu ya kidato cha tatu yanaendelea vizuri, na ile kamusi uliyoninunulia imeanza kuachana na jalada lake kwa kutumiwa.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Shangazi Batuli anasafiri kuja huko Alhamisi, nimemwomba akukabidhi mkononi. Kwenye simu wewe unaongea haraka, na mimi ninaishia kusema ndiyo, ndiyo. Karatasi hainiharakishi.

Nataka kukueleza habari za Fundi Lerionka. Najua hutaki kulisikia jina hilo. Tafadhali soma hadi mwisho.

Unakumbuka mwezi wa nne uliponituma nimtafutie Kipanga, lile gari lako, fundi. Alikuwa anatoa moshi wa bluu na kukosa nguvu kwenye mlima. Ulisema nisimpeleke gereji kubwa, nitafute fundi anayejitegemea, mwaminifu, asiyeona gari la spoti la milango miwili akadhani mwenyewe anachapisha noti. Binamu Uwesu aliendesha, mimi nikabeba kitabu cha gari na daftari la maswali. Fundi wa kwanza alisema injini ishushwe yote, na boneti ilikuwa bado imefungwa. Wa pili, Arnold, alitaka gari likae kwake wiki mbili na funguo abaki nazo. Nilipomuuliza swali langu la kwanza hakunijibu mimi, alimgeukia Uwesu: "Bro, huyu dogo ni trafiki?" Wakacheka wote, hata Uwesu. Nikafunga daftari.

Wa tatu ndiye Lerionka, chini ya bati zake nne nyuma ya kiwanda cha mbao. Aliisikiliza injini kichwa kikiwa kimeinama, akaomba twende naye hadi Akheri na kurudi. Tuliporudi alisema anahisi tatizo liko wapi, ila hana uhakika, kwa kuwa gari la namna hii hajaligusa miaka mingi. Ulicheka sana niliposema nimemchagua fundi aliyekiri kwamba hajui. Lakini aliniuliza kitabu kinasemaje. Nikakaa juu ya tairi, nikawa nasoma Kiingereza na kumfasiria, naye akirudia kila kipimo kwa sauti kabla ya kushika spana. Siku nne tulifanya hivyo baada ya shule. Aliniita Mwalimu. Kaka, tangu nijue kusoma, hakuna mtu aliyewahi kuuhitaji usomaji wangu kwa kazi ya kweli.

Tatizo lilikuwa turbo, kile chuma cha umbo la konokono kinachoisukumia injini hewa. Ukatuagizia nyingine kutoka Dar, akaifunga, na Kipanga akapanda mlima wa Akheri bila moshi. Uwesu alipiga kelele kama shabiki wa mpira.

Lerionka ana desturi moja. Kila chuma anachokitoa kwenye gari, hata kama ni msumari, hukifunga na kumrudishia mwenye gari. Alinieleza kwamba mteja hawezi kuona ndani ya injini; anachoweza kuona ni kile kibovu kilichotoka. Asipokiona, hata kizima ulichomfungia hatakiamini. Ndiyo maana ulipopiga simu kuitaka ile turbo ya zamani, ambayo mtu wa Dar alikuwa tayari kuitengeneza upya, na ikakosekana, jambo lilikuwa kubwa.

Wewe hukuwepo siku Uwesu alipomleta Lerionka nyumbani, umesikia tu. Alisimama uani amevua kofia. Alimwamkia Mama, akasema turbo aliirudisha, aliniwekea mimi mikononi siku ya Ijumaa. Uwesu akaniuliza. Nikasema, "Sijaiona." Mama, aliyekuwa anachambua mchele, akaweka ungo chini na kusema kwa upole kwamba mimi sijawahi kumdanganya tangu nizaliwe, kwamba hata nikivunja kikombe naenda kumwamsha kumwambia. Lerionka hakubisha. Alinitazama. Alikuwa anasubiri, na kuku walikuwa wanadonoa chenga miguuni kwake. Kisha akasema basi, labda kumbukumbu yake imemdanganya, huenda hakuirudisha. Uwesu akapiga makofi mara moja: "Si mmemsikia? Amekiri mwenyewe!"

Jioni ile ukatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari wa Arusha. Kesho yake niliusikia shuleni, dereva mmoja wa basi la wanafunzi aliuchezesha kwa sauti ya juu. Ulimtaja jina, ukasema ni mwizi wa vyuma, anayejifanya mpole. Wiki ile magari mawili yaliyokuwa kwake yalivutwa kwa kamba kabla hayajakamilika. Mafundi wenzake wakawa wanamtania akipita: "Lerionka, turbo ni tamu ya kukaanga au ya kuchemsha?" Mwezi wa saba aling'oa bati zake nne, akarudi kwao Oldonyo Sambu.

Kaka, sasa nimefika pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza. Alinipa.

Ilikuwa Ijumaa, mvua za mwezi wa tano hazijaisha. Aliifunga turbo kwenye kiroba cha unga, akakaza mdomo kwa waya, akaniambia, "Mwalimu, mwenyewe akitaka kuona ugonjwa wa gari lake, huu hapa." Ilikuwa nzito na ilidondosha oili. Nilipofika njia ya shule niliwakuta wasichana wa darasani kwetu wamejikinga mvua dukani. Silantoi ndiye aliyeanza: "Maulida, umebeba kichwa cha mbuzi?" Mwingine akasema si mbuzi, ni mchumba wangu fundi, nimempeleka nyumbani kipande kipande. Oili ilikuwa imeshafika kwenye sketi na kwenye mtandio mweupe. Unanijua. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipopita kona nikakitumbukiza kiroba kwenye mtaro, nikajiambia nitakifuata watu wakipungua. Nilirudi kesho yake asubuhi. Mtaro ulikuwa na maji tu. Kama ni mafuriko au wakusanya vyuma chakavu, sijui mpaka leo.

Ningeweza kusema siku ile ile, na ingekuwa aibu ya mtandio tu. Nilikaa kimya kwa sababu ya kicheko cha wasichana watano, kisha nikasema uongo ili kuufunika ukimya. Na uongo wangu uliaminiwa kwa kuwa mimi ni mtulivu na ninapenda vitabu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hakuna aliyechunguza. Walipima mikono yangu safi na mikono yake yenye oili.

Jana nilipanda gari la Namanga, nikashuka Oldonyo Sambu. Kule mlima Meru unauona kwa mgongo, mkavu, kama si ule wa kwetu. Nilimkuta anatengeneza mashine ya kusaga mahindi. Nilikuwa nimeandika maneno ya kumwambia kwenye karatasi, nikashindwa kuisoma, nikamwambia tu kwamba turbo niliitupa mtaroni. Aliendelea kufungua nati. Baadaye akasema alijua. Siku ile uani aliona oili kwenye kucha zangu, bado haijatoka. Nikamuuliza kwa nini alisema amesahau. Akajibu kwamba alimwona Mama ananisifu, akaona si vizuri mtoto avuliwe nguo mbele ya mama yake. Alidhani nitasema mwenyewe usiku ule. "Nilikupa siku moja," akasema. "Wewe ukachukua miezi minne." Hakunifokea. Ila hakuniambia pia kwamba yamekwisha, na sikuthubutu kumwomba aseme.

Alipomaliza alinyoosha mkono, akanipa beringi kuukuu ya ile mashine, nyeusi kwa grisi, bila mfuko. Akasema, "Maulida, mpelekee Mama Nalepo pale ng'ambo, ndiye mwenye mashine." Hakuniita Mwalimu. Nilivuka barabara siku ya soko nimeishika kwa mikono miwili, watoto wakinifuata na kucheka, grisi ikifika kwenye viwiko. Mama Nalepo aliipokea, akaigeuza, akaiweka juu ya dirisha, akasema, "Mwambie nimeiona." Nikarudi nikamwambia ameiona. Akaitika kwa kichwa.

Nina ombi moja, kaka. Usimpigie simu ya siri kumwomba radhi. Rudi kwenye kundi lile lile, kwa sauti ile ile, useme aliirudisha, na unitaje mimi kwa jina. Wakinicheka, wacheke. Kipanga yuko chini ya turubai, hatujampeleka kwa fundi mwingine, na mimi sitamtafutia mwingine.

Barua hii nimemsomea Mama kabla ya kuifunga. Aliondoka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuzungumzia habari hiyo, alisema tu nisisahau kukuandikia kwamba anakusalimu, na uvae sweta kwenye vile viyoyozi. Uwesu na bibi Salha wanakusalimu pia. Nisalimie wenzako mnaokaa pamoja, na ukiwa na hasira, naomba unifikishie mimi, si Mama.

Ni mimi mdogo wako,

Maulida