Dagaa wa Paka

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila cherehani yangu imegoma tena. Paka wako naye alinitia kiwewe: alijikamua siku nzima, mkojo hautoki. Daktari wa mifugo alimpasua akatoa mawe kwenye kibofu, akapiga marufuku dagaa wakavu. Sasa namchemshia kuku bila chumvi, namzidishia supu, maana maji matupu hayagusi. Mimi mwenyewe sili hivyo!

Juzi mkojo ukaziba tena. Nikapekua nyumba nzima, nikakuta dagaa kwenye mfuko wa koti la baba. Nikamfokea, Mungu anisamehe.

“Binti yangu aliniambia nisisahau dagaa wa paka,” akajibu taratibu. “Na wewe mama, ni nani hata unikataze?”

Ulimwambia hivyo siku ile unaondoka. Sikutaka kukuandikia haya, lakini jina langu limemtoka tangu mwaka jana. Neno lako bado analo. Nikimweleza habari za mawe, ananiitikia kwa adabu kama mgeni, kisha anamwita paka chemba.

Njoo umkataze wewe, mdogo wangu. Njoo angali anakujua.

Dada yako