Moduli Yangu, Moduli ya Mutinda

Jumatatu, 3 Machi. Matinyani.
Chai, halafu kazi. Moduli yangu, kipande changu cha programu, imekompaili: kompyuta imeikagua na kuikubali. Inasoma kipimo cha maji kwenye kisima cha Malili. Ya kaka yangu Mutinda, aliye Mbumbuni, inawasha na kuzima pampu. Katikati yetu kuna faili moja fupi ya OCaml, lugha ya programu tunayotumia. Inasema moduli yangu itampa nini, basi. Ya ndani hayaoni. Kila mtu anakompaili kwake. Hatuhitaji kuongea. Nashukuru.

Tangu amchukue Mama akaishi kwake bila kuniuliza, sitaki kusikia sauti yake.

Jumatano, 5 Machi
Waya wa kifaa cha kupima maji umelegea. Kipimo kinakuja, kinapotea. Faili yetu inasema lazima nimpe Mutinda namba, kila mara. Njia safi ni kubadilisha aina ya jibu ninalompa: namba, au "hakuna kipimo". Lakini nikigusa faili hiyo, moduli yake haitakompaili mpaka airekebishe. Yaani nimpigie.

Sijapiga. Kipimo kikikosekana, nampa cha mwisho kilichosomwa. Kwa ndani tu. Imekompaili bila hata onyo.

Jumamosi, 8 Machi
Kalekye, mlinzi wa kisima, amepiga simu akihema. Pampu ilikuwa inanguruma na maji hayatoki. Ameizima kwa mkono. Haijaungua, Mungu ni mwema. Namba yangu ya zamani ilisema maji yapo, programu ya Mutinda ikaiamini. Watu wote wa Malili wanategemea pampu hiyo moja. Ujinga wangu. Sijala.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kanisani nikampigia Mutinda. Nikamweleza yote. Akauliza:

"Mumbua, si ungeniambia tu?"

"Na wewe, mambo ya Mama mbona hukuniambia?"

Akasema nimuulize Mama mwenyewe, akampa simu. Kumbe Mama ndiye aliyeomba kwenda. Alikuwa ameanguka jikoni nikiwa kazini. Aliogopa nikijua nitaacha kazi nikae nimlinde. Akamkataza Mutinda kusema.

Nimelia. Hasira bado ipo. Sijui ni ya nani.

Jumanne, 11 Machi
Nimebadilisha faili yetu. Kwa Mutinda kompaila ikakataa kila mahali anapotumia kipimo, ikimwonyesha pa kurekebisha. Sasa kipimo kikikosekana, pampu inazimika. Amenipigia kuuliza kitu ambacho angejisomea mwenyewe. Nimemjibu. Tukaongea kuhusu mvua.

Alhamisi, 13 Machi. Mbumbuni.
Nimekuja. Tumeunganisha upya moduli zote mbili. Kule kisimani, tukiwa naye kwenye simu, Kalekye amechomoa waya makusudi, pampu ikazimika yenyewe. Amerudisha, maji yametoka.

Jioni nimekaa nje na Mama tukichambua ndengu. Anatembea polepole, lakini anatembea. Watoto wa Mutinda hawamwachi. Amenenepa kidogo. Sikumuuliza kama atarudi.

Mke wa Mutinda amenitandikia kwenye kochi. Nilipanga kuondoka kesho asubuhi. Nitaondoka Jumatatu.