Kapteni Aliyemwamkia Adui

Kaka yangu Hamadi, kapteni wa tangi la maji,

Nakuandikia juu ya filamu yetu. Kuna watu walitaka kuikata, nikakataa, na nataka uyasikie kutoka kwangu kabla hujayasikia kwa wengine. Najua hata huko uliko wambeya hawakosi.

Unakumbuka ilivyoanza? Mwenye kibanda pale Mjambere alituuzia ile filamu kubwa ya vita vya anga ambayo mji mzima ulikuwa ukiisema. Kwenye jalada ndiyo, ndani siyo. Ulikuwa ni mwigo wake: jina linakaribiana, shujaa hajulikani kwao wala kwetu, na roketi imening'inizwa kwa uzi. Uzi wenyewe unaonekana. Nikasema tuirudishe. Wewe ukanishika mkono.

"Ngoja kwanza, Mishi. Uzi ule kuna mtu aliufunga."

Baadaye ulipoiona ile ya kweli uliisifu, lakini ulivyoisifu ni kama mtu anayesifia nyumba ya tajiri: nzuri, na hana la kufanya ndani yake. Kisha ukarudi kwa ile ya uzi. Ukawa unatafuta miigo tu, roketi za maboksi, majini ya anga yenye zipu mgongoni. Nilidhani ni ujinga. Sasa nafahamu ulikuwa unasoma. Biriani ikishaletwa kwenye sinia haikufundishi kupika. Lazima uingie jikoni, uone na chungu kilichoungua. Filamu mbaya inakuacha uingie jikoni kwake.

Nasi tukaingia, tukatengeneza yetu. Chombo chetu kilikuwa tangi la maji lililopasuka, tukalilaza ubavu kule Mwakirunge, machimboni, mahali ambapo mawe meupe hayana habari kuwa yako Kisauni. Helmeti tuliazima kwa watu wa bodaboda. Magwanda niliyashona mimi kwa vile vizuia jua vya rangi ya fedha vinavyowekwa kwenye vioo vya magari, na ulipotembea ulichakarika kama pakiti ya kachiri za viazi. Moshi wa sayari ulitoka kwenye jaa la taka la hapo hapo, bure. Upepo ulipotugeukia ukakohoa hadi machozi, na papo hapo ukatamka kwa sauti ya kikapteni, "Hewa ya sayari hii haimfai binadamu." Sidhani kuna aliyewahi kusema neno la kweli zaidi akiwa Mwakirunge.

Akabaki mfalme wa maadui. Tukamwendea jirani yetu Mzee Karisa, mchonga matofali.

"Niwe shetani? Mimi mtu wa kanisa?"

"Si shetani, mzee, ni mfalme," ukamwambia.

"Wa wapi?"

"Wa sayari nzima."

"Basi nitafutieni kiti."

Tukamtafutia jiwe, tukamfunika buibui kuukuu la Mama, na wallahi alitisha. Kazi yako ilikuwa nyepesi: uruke kutoka nyuma ya tangi, upige kelele, ummulike kwa tochi, afe. Ndivyo afanyavyo shujaa kwenye ile filamu kubwa, wala haulizi mtu hali. Mimi nikashika simu, nikarekodi. Ukaruka. Ukainua tochi. Ukamtazama yule mzee, mkono ukashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mamako hajambo?"

"Hajambo, akusalimu sana."

"Na mguu wake?"

"Afueni, mzee, alhamdulillahi."

"Haya, vyema. Sasa nipige."

Picha inatikisika hapo kwa sababu mpiga picha alikuwa anakufa kwa kicheko. Nilitaka turudie. Ukakataa katakata.

"Mtu mzima humwingii na silaha hujamwamkia. Kwani kule nyotani ndiko hakuna adabu?"

Filamu haikutimiza mwaka, homa ikakuchukua. Mama hakutaka sauti yako ichezwe nyumbani. Aliniambia, "Ikunje uiweke, Mishi," nami nikaiweka, kama kwamba filamu ni nguo.

Sasa hivi karibuni kituo kimoja cha televisheni kimeanza kipindi cha filamu za vijana wa pwani. Nikapeleka. Nilipokewa na mhariri wao, Kevo, mtoto wa bara, mpole, kofia nyuma mbele. Akanieleza mipango yake: roketi itatengenezwa upya kwa kompyuta, sauti yako itaondolewa awekwe mtu wa redio, na salamu zitakatwa zote.

"Hiyo sehemu ya shikamoo inachelewesha sana, siz. Watu wanataka ekshen. Na sauti ya brathako ina upepo mob, hadi maneno hayasikiki vizuri."

Nikamwomba aicheze mara moja tu, mbele yangu. Akaicheza. Kwenye "Sasa nipige" alicheka, akajifanya anakohoa. Kisha akaniuliza, "Na mguu wa mathe ulipona?"

Hapo nikajua tunacho kitu. Wakubwa wake hawakujua. Wakasema isipokatwa haionyeshwi. Hamadi, sikununa wala sikubembeleza. Roketi wangebadilisha wakitaka, tangi ni tangi. Lakini wewe nikutoe kwenye mdomo wako niweke mtu wa redio? Nikachukua filamu yangu, nikawaaga vizuri, nikarudi Mjambere.

Mzee Karisa alipaka chokaa ukuta wake uwe kioo cha sinema, nami nikaazima projekta. Jana baada ya magharibi tukatandika mikeka, watu wakajaa. Nilimwambia Mama mapema, ili asiseme nilimvizia. Akasema haji. Halafu akaja, akakaa nyuma kabisa na leso mdomoni, nami nikashindwa kutazama ukuta, nikawa namtazama yeye. Tangi walilicheka. Magwanda waliyapigia makofi. Kisha ukaruka na tochi yako, na sauti yako ikatoka na upepo wake wote.

"Hajambo, akusalimu sana."

"Mrongo!" Mama akasema, kwa nguvu, mkeka mzima ukageuka. "Lini nilimtuma salamu huyu?"

Mzee Karisa ndiye aliyejibu, bila kuinuka.

"Mimi nilishazipokea, Mama Hamadi. Hazirudi."

Mama alicheka, kaka. Alicheka leso ikamwanguka, machozi yakimtoka pamoja na kicheko, nami sikuyatenganisha.

"Mishi!"

"Abee Mama."

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Pumzika, kapteni. Kesho naicheza tena, maana Mama amealika watu wake, nao ni wengi.

Nduguyo wa tumbo moja, mpiga picha na mshona magwanda,

Mishi