Dabliu Tatu Nilizozifuta Kwenye Kibao

Alhamisi. Mikumi jua limewaka tangu asubuhi na upepo wote umejaa vumbi. Nimeoga mara mbili lakini bado sijatulia. Naandika nikiwa mapokezi, kwenye kiti kilekile nilichokuwa nimekalia saa tatu asubuhi, gari jeupe lilipoingia getini.

Kwa asiyenijua: naendesha nyumba ya wageni ya vyumba tisa hapa kando ya barabara kuu. Aliyeianzisha ni mama yangu. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge kule Kilosa. Shamba likauzwa kwa mtu binafsi, yeye na wenzake wakapunguzwa kazi. Akaja huku, akaanza na vyumba viwili na jiko la mkaa. Alifariki mwaka juzi wakati wa masika.

Kwenye lile gari walishuka mzee mmoja na mkewe, walimu wastaafu wa Morogoro. Zamani walikuwa wakilala kwetu kila wakienda Iringa kwa binti yao. Niliwaamkia. Yule mama alinishika mkono na hakuuachia.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba. Tumechelewa, lakini tumeona tusipite hivihivi."

Nikashukuru. Nikawaambia chumba chao cha pembeni kipo, wakipenda wapumzike kidogo.

Wakatazamana.

"Jana tumelala hapo mbele," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Tungelala hapa, lakini si mlifunga?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia hatujafunga hata siku moja, ukiacha ile wiki ya mazishi. Mzee akatoa simu yake, akavaa miwani, akaandika anwani yetu taratibu, herufi kwa herufi, kama ilivyo kwenye kibao chetu cha barabarani. Akanipa simu.

Nikamwona mama.

Ni ile picha aliyovaa kitenge cha bluu, tuliyoiweka mbele ya jeneza. Chini yake pameandikwa: "Tumefunga kwa ajili ya msiba wa mama yetu mpendwa. Tutawatangazia tutakapofungua." Ni maneno yangu. Niliyaandika siku ile ya kwanza, nikidhani yatakaa siku saba.

Nilirudi kwenye kompyuta yangu nikafungua tovuti yetu. Vyumba vipo, picha za tembo zipo, namba ya simu ipo. Nikasema labda simu ya mzee ina tatizo. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi sijawahi kuiandika ile anwani. Nabonyeza tu pale ilipohifadhiwa, na hapo inaanza na www. Nikaiandika bila www, kama kibao kinavyosema.

Mama.

Nikaongeza www, vyumba. Nikaondoa, mama. Nilifanya hivyo mara nne au tano, walimu wa watu wamesimama mbele yangu.

Walipoondoka nilimpigia Deo, fundi wetu wa kompyuta, mwenye duka lake pale Magomeni, Kilosa. Hata salamu sikumaliza. Alifungua upande wake.

"Dada, kwa mashine hizo ni anwani mbili," alisema. "Yenye www unaielekeza kivyake, na isiyo nayo kivyake. Kwenye msiba nilizielekeza zote kwenye lile tangazo. Mlipotengeneza tovuti mpya, kaka yako alinitajia ile yenye www, nikaigeuza. Ile nyingine hakuna aliyenitajia. Na mimi sikuuliza. Hapo nimekosa."

Ningependa kumtupia yeye lawama zote. Lakini zile dabliu tatu nilizifuta mimi.

Tulipopaka kibao rangi upya, baada ya arobaini, kaka yangu Method alitaka ziachwe. Alisema ndivyo tovuti ilivyoandikishwa, tusiguse. Mimi nikasema ni ushamba, siku hizi hakuna anayeandika www, na bila hizo herufi za jina zitakuwa kubwa mpaka dereva wa lori azisome. Method aliniachia. Huwa ananiachia. Kibao kikapendeza, nikakipiga picha. Kadi pia nikazichapisha hivyohivyo.

Karibu mwaka mmoja na nusu. Kila aliyesoma kibao, kila aliyechukua kadi, akaenda kutafuta chumba, alikutana na msiba wetu.

Chini ya tangazo palikuwa na sehemu ya kuandika rambirambi. Nilizisoma zote. Watu wa Dodoma, watu wa Mbeya, watafiti wa wanyama kutoka nchi za nje. Mmoja ameandika kwamba alipata homa akiwa kwetu, na mama alikaa naye mpaka ikashuka, akimpa uji kijiko kwa kijiko. Wengine wameandika, "Tulitaka kuja mwezi wa sita, poleni, mkifungua mtujulishe." Hakuna aliyewajulisha.

Sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa tangu nimeanza kuandika.

Miezi sita iliyopita nilimwachisha kazi Mama Sikudhani. Ndiye mpishi wetu tangu vyumba viwili. Alinibeba mgongoni mimi. Wageni walipopungua nilitafuta sababu, nikaiona jikoni: vyakula vilevile, mwendo wa taratibu, macho yameanza kufifia. Nilimwita hapahapa mapokezi nikamwambia wageni wanatukimbia.

Hakulia. Alisema, "Waliokuja walimaliza sahani. Hao wasiokuja, mimi sijawapikia." Kisha akaenda kufunga mizigo yake.

Nilimwona mkaidi. Leo nayaelewa yale maneno yalivyo. Alikuwa ananionyesha mahali pa kutafuta.

Deo alirekebisha kabla ya adhuhuri. Sasa ukiandika na www au bila, unafika kwetu. Alitaka kulifuta lile tangazo, nikamwomba alitoe hapo lakini rambirambi anihifadhie. Halafu nikamwachia Method mapokezi, nikachukua pikipiki ya kukodi mpaka Masanze, kwa Mama Sikudhani. Method aliniuliza naenda kusema nini. Nikamwambia nitajua nikifika.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniletea kigoda na maji, akaendelea kupukuchua. Nikamweleza. Kueleza habari za anwani mbili kwa mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta si rahisi, nikawa narudia. Nikamwambia watu walidhani tumefunga. Nikamwambia halikuwa kosa lake, lilikuwa langu, na nimekuja kumwomba msamaha na kumwomba arudi.

Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi.

"Kwa hiyo mashine imekwambia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Hukunisikia. Imekwambia mashine, umepanda pikipiki mpaka huku."

Sikuweza kumtazama. Aliongea bila hasira, na nadhani ningestahimili zaidi kama angenigombeza. Kuku walikuwa wanaokota punje miguuni kwangu, na mimi nimekaa kama mtoto aliyevunja chungu.

Baadaye nilimsomea zile rambirambi, nilikuwa nimezichapa kwenye karatasi. Kwenye ile ya mgonjwa wa homa alinisimamisha. "Huyo ni yule mrefu, wa chumba namba tatu," alisema. "Uji nilipika mimi. Mama yako alimnywesha." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Akaomba niisome tena, nikaisoma.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza kama atarudi. Alisema Jumatatu atakuja Mikumi kufanya usafi kaburini kwa mama, maana anajua sisi tunalifyeka vibaya. Habari ya kazi hakuitaja. Nilitaka kuuliza tena, nikajizuia.

Njia nzima ya kurudi nimelifikiria lile neno lake. Nilikwenda nikidhani nampelekea habari: kwamba imethibitika hana kosa. Kumbe yeye alijua siku zote kwamba hana. Asiyejua nilikuwa mimi, na nilihitaji kompyuta inithibitishie jambo ambalo mtu aliyenilea alinieleza uso kwa uso.

Jumatatu nitakuwa kaburini kabla yake, na jembe langu. Sitamuuliza kuhusu kazi mpaka aseme mwenyewe.

Ila kuna swali ambalo sijathubutu kumwambia hata Method. Wale walimu wangepita moja kwa moja leo bila kuingia getini, je, ningeenda Masanze?

Najua jibu.