Mikono ya Mama kwenye Televisheni Uliyotuma

Palma,
23 Agosti 2014

Mpendwa dada yangu Saquina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ile miguu imeacha kuvimba. Sisi tunapumua. Mama hana homa wala kikohozi. Kinachomuuma nitakieleza, maana hospitali hawana dawa yake.

Televisheni ilivuka mto Rovuma salama, pamoja na ile spika ndefu ya kuweka chini yake. Aliyeileta aliizungushia godoro kama mgonjwa wa mgongo. Asante sana, dada. Ulitaka mama aangalie mawaidha na ayasikie vizuri kwa masikio yake yale. Sasa nikwambie alichokiona.

Kuunganisha kulinitoa jasho. Kitabu cha maelezo kina lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Pesa zetu wanazielewa, maneno yetu hapana. Nyuma ya televisheni kuna matundu mawili ya HDMI. Nikachomeka dekoda kwenye lile lililoandikwa ARC, kumbe ndilo la spika. Picha ikaja, spika kimya, sauti ikawa inatoka kwenye televisheni yenyewe, nyembamba kama ya mbu. Deki yetu ya zamani nikaiunga kwa zile nyaya nyekundu, nyeupe na njano. Mdogo wetu Rizuane alikaa mkekani akitafuna korosho.

"Kaka Cassimo, vitabu vyote vile, waya umekushinda?"

"Mwache," mama akasema. "Huyo redio ya marehemu baba yake aliifungua, akaifunga, skrubu mbili zikabaki. Na iliimba."

Unakumbuka tulipeleka malalamiko kwamba mama hakukubali kuliachia shamba la minazi, alikolala baba, kwa ajili ya mradi wa gesi. Watu wa mradi walitujibu kwa diski. Hawakuandika hata mstari, tujionee wenyewe. Walimkabidhi Rizuane, kwa kuwa anaendesha gari la mkandarasi wao. Ndiyo diski ya kwanza tuliyoiweka.

Ukatokea ule mkutano wa kijiji uliofanyika mimi nikiwa Pemba, hii ya kwetu Msumbiji. Watu wamekaa chini ya turubai. Msomaji asiyeonekana anasema kwa Kireno kwamba wananchi waliulizwa, wakakubali kwa kuinua mikono. Na mikono ikainuka. Mama yuko mbele kabisa na kanga yake ya zambarau, mikono juu.

Mama alikuwa anatabasamu kwa kujiona. "Ndiye mimi. Anasema nini huyo?"

Nikamtafsiria. Tabasamu likaondoka.

"Mimi sikumjibu mtu," akasema.

"Mama, picha hiyo hapo," Rizuane akasema. "Utaikana na picha?"

Jioni ile mama akakupigia simu akueleze. Ulimwambia mama kwamba amemuuza baba kaburini. Najua ulisema hivyo, simu ilikuwa imefunguliwa sauti, sote tulisikia. Ndiyo sababu ya barua hii. Soma polepole.

Kesho yake nilizirudia nyaya, nikiwa na hasira kuliko maarifa. Nikahamisha dekoda, nikaipa spika tundu lake, nikaingia kwenye rimoti nikaiamuru televisheni ipeleke sauti nje. Diski ilikuwa bado ndani ya deki. Ilipocheza, chini ya maneno ya yule msomaji ikasikika sauti nyingine, nzito, ambayo siku ya kwanza hatukuisikia, ya Mwalimu Muhamudo wa msikitini kwetu, akiomba dua ya kufungua mkutano. Kisha umati wote: "Amin."

Dada, ile ilikuwa dua. Viganja vyote vimeelekea usoni. Nani duniani hupiga kura kwa mikono miwili? Na sisi tuliozaliwa na kulelewa na mikono hiyo hatukuliona, kwa kuwa tulikuwa tumeshaambiwa cha kuona.

Rizuane alichomoa nyaya zote, akafunga televisheni, spika na deki juu ya pikipiki, tukaenda ofisi ya wilaya. Tuliunganisha kila kitu mezani kwa afisa. Alisikiliza mpaka mwisho, sina la kumsingizia. Halafu akasema dua ilikuwa ya mkutano, na mkutano ulikuwa wa mradi, basi tuliubariki mradi.

Rizuane akamuuliza, "Na wewe ukija kula kwangu ukasema bismillahi, nyumba imeshakuwa yako?"

Tuliambiwa tuondoe takataka zetu. Rizuane haendeshi tena gari la mkandarasi. Shambani kumepigwa vigingi vyenye rangi nyekundu, kimoja hatua chache tu kutoka kichwani kwa baba.

Nimesoma sana habari za wakoloni. Wale walipotaka ardhi walimshika babu mkono, wakamchovya kidole kwenye wino. Ulikuwa wizi, lakini walau walihitaji kidole chake. Hawa wa leo, na wenzetu wanaowafungulia mlango, wamechukua tulichokuwa tunamwomba Mungu, wakakiita jibu letu kwao. Nitaendelea kuandika malalamiko mpaka wanichoke, na wakishanichoka nitaandika tena.

Televisheni mama ameifunika kwa kanga ileile ya zambarau. Na Ijumaa, Mwalimu Muhamudo alipotuombea, watu wote waliinua mikono. Ya mama ilibaki mapajani, chini ya mtandio. Midomo tu ndiyo iliyosogea. Nikamuuliza baadaye. Akasema, "Mwanangu, sijui nani ananitazama."

Mpigie, dada. Usimtumie kitu. Mwambie tu kwamba umejua.

Wasalimie shemeji, Nafisa na mdogo wake Jamaldine. Shangazi Alima anakusalimu, anasema ukija uje na mchele wa huko. Mungu akuponye miguu na akufungulie njia. Nimekuombea hilo sasa hivi kwa mikono miwili, baada ya kufunga mlango.

Nduguyo wa damu, nikupendaye hata nikikukaripia,
Cassimo