Kibuyu Kimoja cha Maziwa

Mjukuu wangu,

Marahaba. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Mimi, tangu bibi yako atutoke, nazungumza na kuku.

Umekuwa wakili wa serikali, na unauliza nasi tuliisemeaje enzi za Mjerumani. Siku moja boma, yaani serikali ya Mjerumani ya hapa, lilidai malisho ya mzee mmoja wa huku kwetu. Nililisemea boma, Bwana Mkubwa, Mjerumani mkuu wa boma hilohilo, akaamua, tukashinda. Huku, shauri likiisha, waliogombana hunywa maziwa ya kibuyu kimoja ili kinyongo kiishe. Mzee alikunywa, akatafuta wa kumpa. Bwana Mkubwa alikuwa ameshaingia ndani. Akaninyooshea mimi.

"Babu, ugomvi haukuwa wangu," nikamwambia. "Mimi niliisemea serikali tu."

Akanitazama. "Basi niliyegombana naye yuko wapi, ninywe naye?"

Akaniwekea kibuyu miguuni, akaenda zake. Niliyanywa yale maziwa peke yangu pale uani, na nilipomaliza sikujua nimepatana na nani.

Ukipata likizo, njoo Kibakwe. Maziwa yapo, wa kunywa naye sina.

Babu yako