Wiki Kavu na Wiki ya Maji

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wangu, mume wangu,

Daftari lako la saa za wateja lilikuwa na kurasa tupu huku nyuma. Nimezichukua. Usinune. Mbele bado kuna mwandiko wako: "Saa ya mwalimu wa kwaya. Inachelewa dakika nne, kama mwenyewe." Nimecheka peke yangu jikoni.

Leo kuna jambo wodini. Daktari wa usingizi — yule binti mwembamba anayewalaza watu kabla ya kupasuliwa, ila yeye mwenyewe hatulii hata dakika — alitukusanya kwenye chumba cha chai. Anataka kujua kama kweli ni lazima mgonjwa akae bila maji tangu jioni mpaka aitwe kupasuliwa. Akasema utafiti wenyewe si wa maabara. Ni wa hapa hapa, ndani ya kazi zetu za kila siku, kwa mikono yetu. Kila Jumatatu inafunguliwa bahasha. Ikisema MAJI, wanaosubiri upasuaji wiki hiyo wanapewa kikombe kidogo kila saa mpaka waitwe. Ikisema KAVU, tunafuata kanuni ya zamani: hakuna tone. Baada ya miezi sita tunalinganisha. Nani alitapika, nani aliumwa kichwa, nani aliamka vizuri.

Sista Mkuu akauliza kwa nini wasimuulize yeye tu, ana miaka ishirini na sita katika wodi hii. Daktari akajibu kwa adabu zote kwamba Sista ana uhakika, ila hana takwimu. Sista akainuka kwenda kuzima birika.

Vikombe na fomu nimekabidhiwa mimi, mhudumu wa wodi. Niliitikia haraka mno. Unajua kwa nini. Zile siku mbili walizokuahirishia upasuaji uliniambia, "Mama, hata tone la kulamba." Nikasema kanuni, Fundi. Na kile kibao cha USILE USINYWE kitandani kwako nilikitundika mimi mwenyewe. Siku ya tatu ukaingia, hukuamka tena. Sisemi maji yangekuponya. Nataka tu kujua kama nilikunyima kwa sababu, au bure.

Alhamisi, 6 Machi

Wiki ya MAJI. Napita na toroli kila saa. Jina langu sasa ni Mama Maji. Mzee mmoja alikunywa kikombe chake, akakigeuza, akachungulia ndani, akaniuliza kama hii ilikuwa dawa ya macho.

Wewe ungepuliza kwanza. Miaka yote hiyo ulikuwa unapuliza maji baridi kama chai. Sikuwahi kukuuliza uliogopa nini.

Jumanne, 11 Machi

Jana bahasha ilisema KAVU. Kelele zake! Mke wa mgonjwa wa kitanda cha nne akaja juu: jirani yao alipasuliwa wiki jana na maji akapewa, au yeye ni shemeji wa daktari? Nikamweleza habari ya bahasha. Akataka kuiona. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akasema hata sura yake ni ya roho mbaya.

Na mambo ya meno! Baba wa kitanda cha tisa amepiga mswaki mara saba tangu alfajiri. Nikamwambia, baba, utabaki na fizi tupu. Akasema kwao ndivyo walivyolelewa. Kurudi nyuma namkuta yuko bombani mara ya nane.

Ijumaa, 14 Machi

Hili nakuambia wewe kwanza. Nimehesabu vikombe. Wiki kavu hakitakiwi kupungua hata kimoja. Vimepungua arobaini na kimoja!

Vitatu ni mimi. Bibi wa kitanda cha pili alikuwa ananitazama tu, hasemi, midomo imepasuka. Nikashindwa. Halafu fomu, ambayo kila aliye zamu hujaza yake, inauliza: "Je, alipewa maji?" Nilishika kalamu mpaka ikapata joto. Nikakukumbuka. Mteja akikuharakisha, hukuwahi kuusogeza mshale kwa kidole ili aondoke anafurahi. Nikaandika: Ndiyo. Nimempa mimi.

Lakini thelathini na vinane vilivyobaki?

Jumatatu, 17 Machi

Daktari amesoma fomu zote za wiki kavu. Yenye "Ndiyo" ni yangu moja peke yake. Nikajua kazi imekwisha, nikaanza kuwaza aproni nitairudisha imepigwa pasi au vivyo hivyo. Kumbe! Aliita wodi nzima chumba cha chai, akaweka boksi la vikombe mezani, akauliza polepole vilikokwenda.

Kila mtu akajifanya anakoroga chai.

Mfagizi akakohoa. Yeye vikombe sita, lakini alivichukua kwa ajili ya maua. Maua gani? Wodi nzima haina hata ua la plastiki. Muuguzi wa zamu ya mchana akainua mkono: kumi na kimoja. Mwenzake akasema mimi usiniangalie, kisha akasema kumi na tisa. Mwisho kabisa Sista Mkuu, uso dirishani:

"Mimi viwili. Viwili tu! Yule mzee aliniita mwanangu."

Sista Mkuu! Aliyesema maji yatatuulia watu! Tulicheka mpaka muuguzi akajimwagia chai. Tulipojumlisha na vyangu vitatu tukapata arobaini na kimoja kamili, mfagizi akapiga makofi kana kwamba tumefaulu mtihani.

Daktari alitabasamu kidogo tu. Akasema huruma si kosa. Mgonjwa akishindwa ana haki ya kutoka kwenye utafiti, apewe maji, mradi iandikwe. Ila tukiwapa kwa siri na kuandika "Hapana", wiki kavu na wiki ya maji zinakuwa kitu kimoja, hatujui lolote, na watakaokuja watakaa na kiu miaka mingine ishirini na sita. Hakumtazama mtu. Mimi nilijiona nimetazamwa.

Hizo wiki mbili zimefutwa. Tunaanza upya. Bahasha ya leo: KAVU. Mke wa kitanda cha nne angesema nini!

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa wodini, kwenye kiti cha kitanda cha sita. Kiti kile kile nilichokalia ulipolazwa hapa. Aliyelala ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuwa aitwe saa mbili asubuhi. Saa nne wakasema bado. Saa sita wakasema kuna dharura, bado. Ulimi wake unagandia midomoni akiongea.

Safari hii sikukaa. Nilikwenda kwa Daktari. Akasema muulize mwenyewe, akitaka mpe, uandike. Nikarudi na kikombe mbio. Mbio, Fundi! Na magoti haya!

"Mwalimu, kunywa. Ruhusa ipo."

Akakitazama kikombe. Akauliza, akinywa ataandikwaje? Nikamwambia, kwamba alikuwa wa wiki kavu na maji akapewa. Akafumba macho.

"Basi niache. Nimefundisha wastani miaka thelathini na miwili, hakuna aliyenisikiliza. Leo ndiyo nimekuwa namba. Usiniharibie."

"Lakini una kiu, Mwalimu."

"Nina kiu vibaya sana, mama. Iandike hiyo. Kiu, kumi kwa kumi. Na ujue sijawahi kumpa mtu kumi kwa kumi."

Nilicheka, machozi yakatoka, sikujua yapi ni ya nini. Nikaandika kumi. Ulikuwa na kiu ngapi kwa kumi, wewe? Hakuna aliyekuuliza. Hata mimi.

Saa nane sasa. Kikombe bado kiko mkononi mwangu, kimejaa. Simu ya chumba cha upasuaji inalia, Sista Mkuu anaikimbilia, kiatu kimoja kimemvuka. Mwalimu amefumbua jicho moja.

"Mama Maji."

"Bee, Mwalimu."

"Siku mkiwaruhusu watu wanywe, kikombe cha kwanza unikumbuke."